Pombe Chachu kwa Mia Nane

Mteja alitaka maneno 1,200: jinsi ya kuanza kunywa bia chachu bila kufilisika. Malipo, shilingi 800. Nikasema sawa, maana landilodi alikuwa ameanza kunipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Shida ilikuwa moja tu: sikuwa nimewahi kuonja bia chachu.

Nikasoma. Ubelgiji wana lambic. Haitiwi hamira. Inaachwa wazi usiku mmoja ipoe, vijidudu vya hewani vinajiingilia vyenyewe, kisha inakaa kwenye mapipa ya mbao, wakati mwingine hadi miaka 3. Berlin wana Berliner Weisse, bia nyepesi ya ngano, ambayo uchachu wake unatoka kwa bakteria wa jamii ile ile inayogeuza maziwa kuwa mala. Hapo kwa mala nikacheka peke yangu. Nairobi nzima, chupa pekee niliyoiona ya aina hiyo ilikuwa ghali kuliko makala yenyewe.

Lakini hiyo harufu niliyokuwa nikiisoma niliijua. Ni ya jikoni kwa kukhu, Bungoma.

Nikapanda basi ya usiku. Nauli peke yake ilimeza zile 800 na ikabaki na njaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta kisingizio. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na kukhu hakujua.

“Chuo wamefunga?” aliniuliza mlangoni.

“Eeh, kukhu.”

Nilimwambia nataka kujifunza busaa. Hakuuliza kwa nini. Alitoa unga wa mahindi wa posho mill, tukaukanda na maji ukawa donge zito, akaufunika. Siku ya tatu alifunua. Uso ukanikunjamana.

“Umeoza huu.”

“Haujaoza. Umechacha. Ukioza tunamwaga, ukichacha tunaendelea.”

Tukawasha moto nje, tukaweka kipande cha bati juu ya mawe, tukaukaranga ule unga hadi ukawa kahawia. Kugeuza ndiyo kazi. Ukizubaa unaungua, na busaa nzima inakuwa chungu. Ulipopoa tukauchanganya na maji na kimea cha wimbi: wimbi iliyoloweshwa, ikaota, ikaanikwa, ikasagwa. Kimea ndicho kinageuza wanga kuwa sukari, na hamira ya porini inageuza sukari kuwa pombe. Bajeti ni unga, wimbi, kuni na subira.

Ni kwenye lile bati, moshi machoni, nilipomwambia. “Kukhu, chuo hawajafunga. Niliacha.”

Aliendelea kugeuza. “Baba yako alisoma kwa hili bati,” akasema. “Kila shilingi.”

Nilingoja amalizie. Hakumalizia. Alinipa mwiko, akaingia ndani, na nikabaki nikigeuza peke yangu hadi mikono ikawaka.

Siku mbili baadaye alichuja busaa, akanipa kikombe cha kwanza, cha uvuguvugu. Ilikuwa kali, nzito, yenye ladha ya mkate ulioungua kidogo na limau. Akakaa kando yangu.

“Hiyo kazi yako ya kuandika,” akauliza, “wanalipa?”

“Mia nane.”

Akanywa. Akafikiria.

“Kikombe chako,” akasema, “utalipia.”