Nusu Yake: Kumbukumbu za Mwandishi wa Hati

Tangu nilipostaafu, na hasa tangu alipofariki mwenzangu wa mwisho katika wale tuliojua kuandika hati za mashamba kwa herufi za Kiarabu, vijana wamekuwa wakiniletea makaratasi ya babu zao niwasomee. Na aghalabu jambo la kwanza waniulizalo si lile lililoandikwa ndani, bali kama muhuri ulioko chini ni wa kweli. Swali hilo ndilo lililonikalisha kitako kuandika haya, kwa kuwa nimelisikia umri wangu wote, na watu niliofanya nao kazi waligawanyika kwa ajili yake.

Nilizaliwa Mombasa, katika Mji wa Kale, miaka michache kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Chuoni tuliandika juu ya mbao kwa wino wa masizi, na maji ya kuoshea mbao hizo hayakumwagwa njiani watu wakayakanyaga, maana yalikuwa yamechukua maneno. Mtoto aliyeshikwa na homa aliandikiwa kombe: aya zikachorwa kwa zafarani katika sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi mawaridi, akanyweshwa. Bandarini niliwaona wachukuzi wenye kipande, yaani kile kijikebe cha bati kilichoning'inia shingoni kwa nguvu ya sheria ya 1915, na ndani yake karatasi yenye alama za vidole vyao na habari za mabwana waliowatumia. Na mwanamume aliyeweza kubeba gunia mgongoni pasipo kuhema alitetemeka mbele ya askari akiipapasa karatasi ile asiione. Basi nilikua nikijua kuwa maandishi yana nguvu za kuponya na nguvu za kufunga, kabla sijajua zatoka wapi.

Skuli niliimaliza bila ya sifa kubwa, ndipo baba akanikabidhi kwa Maalim. Jina lake silitaji, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa akikaa barazani, kisanduku cha mbao kikiwa magotini na kalamu ya mwanzi sikioni, na watu walimjia kwa hati za mauzo, rehani, wasia na talaka. Kwake nilijifunza kwamba shamba lina mipaka minne, wa kibla, wa suheli, wa matlai na wa magharibi, na kwamba kila mpaka hutajwa kwa jirani aliyepo au kwa kitu kisichohama, kama kisima au njia iendayo pwani. Nikajifunza pia kwamba minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na ardhi iliyoibeba ikawa ya mwingine, na ole wake mwandishi atakayeandika "shamba" bila ya kuuliza ni kipi kiuzwacho.

Lakini yaliyomtofautisha Maalim na waandishi wengine ni mambo mawili. La kwanza, hakumpa mtu hati mpaka ameisoma kwa sauti mbele ya mashahidi, kisha akaisimulia upya kwa lugha ya mtu huyo, awe Mgiriama, Mbajuni au Mshihiri, kisha akamwambia, "Haya, nawe tamka kwa kinywa chako ulilolikubali." Mtu akibabaika, Maalim aliichana karatasi na kuanza tena, wala ujira hakuuongeza. Hoja yake aliitoa katika ile aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo Suratul Baqara, ihusuyo uandishi wa deni. Akisema kwamba pale hakukuamrishwa waraka peke yake, bali kumetajwa mwandishi mwadilifu, kukatajwa mashahidi, na mwenye kudaiwa ndiye aliyepewa haki ya kutamka, mwandishi akamfuata.

La pili ni kuandika nusu. Kila hesabu ya fedha aliiandika kwa tarakimu, akairudia kwa maneno, kisha akaongeza nusu yake: shilingi arubaini, ambazo nusu yake ni ishirini. Desturi hiyo ni ya kale katika hati za Kiarabu, na sababu yake aijua kila aliyewahi kuziandika tarakimu zile, ambazo sifuri yake ni nukta tu, kiasi kwamba arubaini huwa mia nne kwa ncha ya kalamu, na hata nzi aweza kumtajirisha mtu. Lakini mwenye kuigeuza arubaini atapata kazi kubwa ya kuigeuza na ishirini, ilhali imeandikwa kwa maneno katikati ya mstari.

Miaka michache kabla ya uhuru wa 1963 niliajiriwa ukarani katika ofisi moja ya serikali ambako nyaraka zilikuwa zikiandikishwa, na karani mkuu niliyemkuta pale alikuwa mtu nadhifu, mwenye mwandiko mzuri wa Kiingereza, ambaye herufi za Kiarabu hakuzijua wala hakutaka kuzijua. Maneno yangu ya "nusu yake" aliyakata kwa wino mwekundu, akasema kuwa ni upotezaji wa karatasi, na kwamba penye muhuri wa serikali hapahitaji hirizi. Wenzangu walicheka, nami nilinyamaza, kwa kuwa mshahara ulikuwa wake kuutia saini.

Siku moja mfanyabiashara mmoja alileta waraka wa rehani ulioandikwa kwake nyumbani, wenye dole gumba la mkulima wa upande wa Kilifi aliyekopa fedha kwa dhamana ya minazi yake. Tarakimu ilisema mia nne, na maneno ya kuirudia hayakuwamo. Niliuinua waraka dirishani, nikaona kuwa nukta ya kwanza ni nyeusi kama mstari wote, na ya pili imeingia hudhurungi, tena imebanwa ukingoni. Nikamwomba mkuu wangu tumwite mwenye dole, asomewe. Akanijibu kuwa kazi yetu ni kupokea, si kuwasomea watu. Akachukua muhuri, akapiga.

Mwaka haukutimia, mkulima akaitwa mahakamani, na kabla ya kwenda alipita kwangu nimwonyeshe nakala. Nilitaraji kuwa atapiga kelele. Badala yake alivua kofia, akaukodolea macho ule muhuri wa mviringo asioweza kuusoma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, yamkini nilikopa mia nne nikasahau?" Niliieleza mahakama habari ya wino ule, lakini hakimu alitazama muhuri, na minazi ikaenda.

Wengi hudhani kuwa katika kisa hiki mwovu ni mfanyabiashara. Wezi wako siku zote, wala sina la kuwafunza. Ninayegombana naye mpaka leo, ingawa ameshatangulia mbele ya haki na cheo chake alikipanda mpaka juu, ni yule aliyeufanya muhuri useme lisilo lake. Muhuri husema jambo moja tu, kwamba karatasi hii ilipita juu ya meza hii siku hii. Wala hausemi kuwa yaliyomo ni kweli, au kwamba aliyetia dole aliyafahamu. Ni sisi makarani tulioupa hayo mengine kwa kunyamaza, na wananchi kwa kuogopa.

Na khofu hiyo ina asili yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa maili 10 wa pwani alete madai yake yaandikwe. Aliyekubaliwa alipewa hati isiyopingika, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa ya Serikali ya Uingereza. Wenye makaratasi, na wenye watu wa kuwaandikia, walijitokeza. Wamijikenda wengi, ambao ushahidi wao ulikuwa makaburi ya wazee na miti waliyoipanda, walikuja kuambiwa kuwa wao ni maskwota mahali walipozikwa babu zao. Watu waliofunzwa somo la namna hiyo hawalaumiwi wakimwamkia muhuri kabla ya kumwamkia karani.

Karani mkuu alikuwa na hoja yake, nami sitaidhulumu. Alisema kuwa mashahidi hufa, husahau na hununuliwa, na kwamba mpaka wa kibla uliotajwa kwa jina la jirani hauna maana shamba la jirani likiisha kuuzwa mara tatu. Katika mipaka namkubalia: mawe ya mpimaji na ramani yake ni bora kuliko majina yetu, na Maalim mwenyewe uzeeni alianza kulikiri hilo kwa shingo upande. Lakini katika kusomewa simkubalii hata chembe, kwa sababu ramani hupima ardhi, haimpimi mtu amefahamu nini.

Basi nyinyi vijana mnaoniletea makaratasi, yasomeni kabla ya kuuliza habari ya muhuri. Msitie saini penye nafasi tupu. Mama zenu wasomewe kwa lugha yao, kisha waulizwe wamesikia nini. Fedha ziandikeni kwa tarakimu, na kwa maneno, na nusu yake; na mkiambiwa ofisini kwamba hayo hayana haja, mwombeni huyo aliyewaambia ayaandike maneno yake mwenyewe, atie saini, na apige muhuri.