Ndege wa Hadithi za Wales na Jedwali Letu la Ubaoni

Tulipoanza kuwasomesha wanachuo fasihi ya tafsiri, tulichora jedwali ubaoni. Upande mmoja tuliandika ndege, upande wa pili maana: kwezi, ujumbe, bundi, uovu. Wanachuo walinakili wakatosheka. Nasi tulitosheka, jambo ambalo lingalipasa kututia shaka.

Mifano tuliitoa katika Mabinogi, hadithi nne za Kiwelisi zilizohifadhiwa katika miswada ya karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15. Ya pili yamsimulia Branwen, aliyeozwa mfalme wa Ayalandi, kisha akashushwa jikoni apike na kuzabwa kofi na mchinja nyama kila siku, kwa kosa la ndugu yake aliyewakatakata farasi wa mfalme. Humo jikoni alimlea kinda la kwezi ukingoni mwa chombo cha kukandia unga, akamfunza maneno, akamweleza jinsi kaka yake Bendigeidfran alivyo. Baada ya miaka mitatu alimfungia waraka chini ya mbawa. Ndege akavuka bahari, akatua begani mwa kaka huyo.

Mwanachuo mmoja akainuka: “Mwalimu, ikiwa kwezi ni ujumbe tu, ile miaka mitatu ya kufundisha tuiweke safu gani?” Tulimwamuru aketi. Aibu ya siku ile tungali nayo.

Bundi alitutaabisha zaidi, kwa kuwa makwetu mlio wake hunenwa kuwa ni wa msiba, na darasa lilikuwa na jibu kabla ya kusoma. Lakini Blodeuwedd aliumbwa kwa maua ili awe mke wa Lleu, pasipo kuulizwa. Alimpenda mwingine, akala njama ya kumwua mumewe. Ndipo Gwydion akamgeuza bundi, achukiwe na ndege wote, asithubutu kuonyesha uso mchana. Je, huo ni uovu mtupu, au pia ni upweke wa aliyeumbwa kwa haja ya mwingine?

Jedwali tumelifuta. Sasa twasoma hadithi kwa sauti kwanza, kisha twauliza: ndege huyu amemfikia nani, na kukatokea nini? Kwezi alileta vita ambavyo jeshi la Bendigeidfran lilirudi na watu saba tu, na Branwen mwenyewe akafa kwa majonzi. Wengine darasani humwita mkombozi, wengine hukataa kabisa, na mara nyingi kengele hulia wangali wakibishana.