Galoni ya nani?

Wasee, kufuga samaki wa baharini hapa Mbololo, na bahari yenyewe iko huko Mombasa, kunataka hesabu kuliko pesa. Na pesa pia inatakikana, tusidanganyane.

Shida ni galoni. Pakiti ya chumvi imeandikwa inatosha galoni 50. Galoni ya nani? Ya Marekani ni lita 3.785, hiyo inakuwa lita 189, mitungi tisa na nusu hivi. Ya Uingereza ni 4.546, inafika lita 227. Weka maji ya Mwingereza kwa chumvi ya Mmarekani uone: badala ya gramu 35 kwa kila kilo ya maji ya bahari, unabaki na 29 hivi. Samaki atavumilia kiasi. Matumbawe hayana subira hiyo.

Mimi ni lita tu. Mtungi wa lita 20 unataka gramu 700 na kidogo, napima kwa mizani ya jikoni. Wakiandika joto 78 Fahrenheit, toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9: 25.6.

Mjomba huuliza kama niliacha chuo nije kufuga samaki wasiolika. Swali halali. Lakini hesabu sikuiacha huko.

Ukinunua chumvi mtandaoni, uliza ni galoni gani. Muuzaji akikuambia galoni ni galoni, kata simu.