Walikwenda Vumawimbi kwa miguu, wakarudi bila siri

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumapili, daladala kutoka Chake Chake iliwashusha Konde, kaskazini mwa Pemba. Mume alibeba mkoba wenye maji na machungwa. Mke alikuwa na kapu la chapati, samaki wa kukaanga na kanga mbili. Watoto wao watatu walikuwa wamelala kwa bibi yao. Katika miaka 11 ya ndoa, wawili hawa, ambao wameomba majina yao yahifadhiwe, hawakuwahi kutoka siku nzima peke yao pasipo harusi wala msiba wa kuhudhuria.

Mume alitaka waanze kutembea palepale Konde. Mke akakataa, akaita bodaboda mbili ziwapeleke hadi geti la Msitu wa Ngezi.

“Kwani mimi mzee?” mume alilalamika.

Mke hakumjibu. Alikuwa na sababu yake.

Ulikuwa msimu wa karafuu, na njia nzima walipita kwenye majamvi yaliyoanikwa karafuu kando ya barabara. Getini harufu hiyo ilikatika, ikaja ya majani mabichi na udongo wenye unyevu. Ngezi ina ukubwa wa takriban hekta 1,440, na ndiyo sehemu kubwa iliyobaki ya msitu wa asili uliokuwapo Pemba kabla mikarafuu haijatawala kisiwa. Ni moja ya makazi ya popo wa Pemba, popo mkubwa mla matunda asiyepatikana kwingine popote duniani. Popo hao waliwindwa hadi wakakaribia kutoweka, kisha wanavijiji wakashiriki kuwalinda na idadi yao ikapanda tena.

Njia inapita katikati ya msitu, na miti mirefu inaifunika kwa juu. Ukiingia humo asubuhi, jua unalisahau. Kima waliruka kutoka tawi hadi tawi, na mume akaanza kuhadithia walivyokuwa wakiiba embe wakati yeye ni mtoto. Mke alicheka. Alikuwa hajamsikia akihadithia kitu kwa miezi kadhaa. Nyumbani mazungumzo yao yalikuwa ada ya shule, mchele na zamu ya kumpeleka mdogo kliniki.

Baada ya kama nusu saa mume alisimama, akashika mti. Jasho lilikuwa linamtoka usoni.

“Tupumzike, Mama watoto. Viatu vinanibana.”

Mke alimpa maji. Viatu hakuviangalia.

Walipoiacha njia ya Ras Kigomasha na kushika ya kulia, sauti ya bahari ilitangulia kabla ya bahari yenyewe. Jina la Vumawimbi linajieleza. Miti ilipoachana, pwani ikajitandaza mbele yao: mchanga mweupe uliojikunja kama mundu, msitu nyuma yake, ngarawa tatu zimelala juu ya mchanga. Hakukuwa na duka wala kiti cha kukodi. Maji yalikuwa yamekupwa, na mbali kwenye mwamba wanawake waliinama wakitafuta pweza.

Walitandika kanga chini ya kivuli. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu alipokea shikamoo yao, kisha akawaonya.

“Hii bamvua, wanangu. Sasa hivi maji yanarudi, na yakirudi hayabishi hodi. Msiende mwambani.”

Walikaa wakiyatazama yakirudi. Saa tano ngarawa zilikuwa bado mchangani. Kufika saa sita zilikuwa zinaelea. Wanawake wa pweza walikuwa wameshapita zamani na ndoo zao kichwani. Hapo ndipo mume alipozungumza, macho yake yakiwa baharini.

“Kuna kitu sijakwambia. Nina presha.”

“Najua,” mke alisema. “Kadi yako niliiona nilipokuwa nafua suruali. Wiki ya tatu leo.”

Kadi ilionyesha 168 kwa 104. Alikuwa amepimwa miezi mitatu kabla, alipokwenda hospitali kwa sababu ya jino. Alipewa dawa, akameza wiki mbili, akajiona mzima, akaacha. Kijiweni aliwahi kusikia kwamba vidonge vya presha vinammaliza mwanamume, na hilo lilimtisha kuliko presha yenyewe. Ndiyo maana alikuwa akichelewa kulala na kuwahi kuamka. Mke alidhani amepata mwanamke mwingine, hadi siku alipoiona ile kadi.

“Kwa nini hukuniuliza?”

“Nilitaka uniambie mwenyewe. Nyumbani kila ukifungua mdomo kuna mtoto analia. Nikasema nikuchukue mahali ambapo huna pa kukimbilia.”

Mume alicheka, kisha akanyamaza muda mrefu. Baba yake alianguka kwa kiharusi akiwa shambani, na watoto wake wakati ule walikuwa wadogo kama wa kwao sasa.

Presha huhesabiwa kuwa ya juu pale vipimo vinapofika 140 kwa 90 au zaidi, vikirudiwa siku tofauti. Wengi hawaisikii kabisa, na kujisikia vizuri si ushahidi kwamba imeondoka. Mara nyingi ni dawa ndiyo inayoishusha. Ikiachwa hivihivi huumiza moyo, figo, ubongo, na hata hizo nguvu za kiume ambazo wanaume huzihofia. Dawa ikileta shida chumbani, daktari anaweza kuibadilisha. Kuiacha kimyakimya ndiyo hatari.

Waliingia majini pamoja, mke na dera lake, mume na kikoi, maji yakiwa kiunoni. Saa nane waliaga. Kurudi walitembea polepole, wakipumzika kila penye gogo, na safari hii hakuna aliyevisingizia viatu. Saa kumi walikuwa Konde, na daladala ilikuwa bado ipo.

Jumatatu walikwenda kituo cha afya wote wawili. Kipimo kilisoma 158 kwa 98. Daktari alimrudisha kwenye dawa, akamwambia apunguze chumvi na atembee walau nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ambazo ni zile dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Alimkanya pia: mtu ambaye presha yake haijatulia asianze na safari ndefu juani, na baadhi ya dawa hupunguza maji mwilini, hivyo aulize kwanza.

Kwa wazazi wanaofikiria kwenda, ondokeni mapema ili msitu muupite kabla ya joto. Maji ya kunywa chukueni ya kutosha, huko hakuna pa kununua. Waulizeni wavuvi saa za maji kujaa na kupwa. Vaeni mavazi ya heshima, kwani pwani hiyo ni ya watu wa vijiji vya jirani. Mkiwa Konde, ulizeni gari la mwisho linaondoka saa ngapi.

Wawili hawa sasa hutembea jioni baada ya magharibi, mtaani kwao tu, watoto wakitangulia mbele. Vidonge havikai tena mfukoni mwa suruali. Vipo juu ya kabati la jikoni, mahali ambapo watoto hawafiki, na mama anaviona kila akiteremsha kopo la majani ya chai.