Mpira wa 16, lakini si wa gari hii

BUTEMBO. Gari yenyewe ni RAV4 ya mwanzo wa miaka ya 2000, usukani kuume, ya zile zilizotumika Japani kabla ya kuingia kwetu kupitia Kasindi. Mwenye gari hubeba abiria kati ya Butembo na Beni, kilomita 54. Mpira mmoja wa nyuma ulipopasuka, alikuwa na dola 35 tu. Zilizobaki zilikuwa minervali ya watoto. Akaenda kwa muuza mipira ya okazyo. “Janti yako ni ya 16? Huu hapa, 16.” Wakafunga, akaondoka.

Baada ya safari mbili gari ilianza kunung’unika kila alipokata kona kali, kama inavutwa nyuma. Halafu ikaja harufu ya mafuta yaliyoungua. Siku iliyofuata alikuwa ameahidi kumpeleka Beni mama mmoja aliyehama Kanyabayonga, pamoja na watoto wake wanne, kwa ndugu zao. Barabara ile hakuna anayependa kukwama humo jioni. Akaipeleka gari garaji.

Mzee fundi hakufungua kitu. Aliinama akasoma mpira. Mitatu ya zamani iliandikwa 215/70R16. Ule wa okazyo, 215/65R16.

“Kijana, ulisoma namba ya mwisho tu.”

215 ni upana kwa milimita. 16 ni janti, kwa inchi. Ile 70 ndiyo watu huiruka: kimo cha ubavu wa mpira, asilimia 70 ya upana. Kwa 65 ubavu unapungua milimita 11 hivi, juu na chini, kwa hiyo mpira mzima unakuwa mfupi kwa zaidi ya sentimita 2.

Mzee akachukua kamba, akazungusha mpira wa zamani katikati ya meno yake, akatia alama, akapima na ule mwingine. Kamba ilizidi kwa vidole vitatu, karibu sentimita 5. Mpira mdogo ulikuwa unazunguka kupita wenzake zaidi ya mara 500 kabla ya kufika Beni.

Hilux yenye fimbo ya kuweka na kutoa 4x4 ingevumilia kidogo, fimbo ikiwa imetolewa. Lakini gari hii inasukuma magurudumu yote manne wakati wote. Kifaa cha katikati, kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kinadhani gari inateleza, kinafanya kazi bila kupumzika, kinachemka. Kikiungua, bei yake si ya mpira tena.

“Basi ninunue mpya wa 70,” dereva akasema, tayari akihesabu minervali.

Mzee akakataa, na hapo ndipo wengi hukosea. Meno ya mipira yake mitatu yalikuwa yameisha nusu. Mpya, hata wa namba ileile, ungezidi hiyo mingine kwa sentimita 2 na nusu kwenye kamba. Watengenezaji wengine, kama Subaru, hawataki tofauti ya mzunguko izidi robo ya inchi, milimita 6 tu. Ukinunua mipya, nunua minne. Ukikosa pesa, tafuta okazyo wa namba ileile, ulioisha sawasawa na yako.

Alimpa kamba ile yenye alama. Tena atazame tarehe ubavuni, tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na namba ya uzito isiwe chini ya ile ya kibandiko cha mlango. 100 maana yake kilo 800 kwa mpira mmoja.

Muuzaji wa kwanza alikubali kubadilisha, ila akaomba dola 5 juu. Dereva alipima mipira saba kwa kamba, wauzaji wakimcheka. Wa saba ulilingana.

Yule mama na wanawe waliondoka asubuhi, saa kumi na mbili, magodoro juu ya gari. Kwenye kona ya kutokea mjini dereva alizima redio, akasikiliza. Kimya.