Ukuta Una Wenyewe

Sisi ni watatu, watoto wenu wa hapa Kyangwali, tuliosomea ualimu wa sanaa kule Kyambogo, Kampala.

Likizo ya kwanza tulirudi na brashi na makopo ya rangi, tukijiona wakubwa kweli. Tukachora ukuta wa darasa bila kuuliza mtu: mtumbwi umejaa watu, Ziwa Albert limechafuka. Si ndiyo historia yetu? Kesho yake mama mmoja akasimama pale na ndoo yake, kimya. Mwishowe akasema, "Wanangu, mimi napita hapa kila siku kuchota maji. Sasa kila siku nivuke tena?" Tulikosa jibu. Jioni ile tukapaka chokaa juu yake.

Tuliporudi chuoni tukasoma habari za Mzee Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanzania, aliyesomea Makerere, hapo hapo Kampala. Mwaka 1959 alichora picha tano kubwa ndani ya kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Watu wale walikuwa na vidonda vibichi kama sisi. Yeye aliwachorea Yesu Mwafrika, tangu kuzaliwa mpaka msalabani, na vilima vya nyuma ni vya kwao wenyewe. Uchungu umo, lakini mtu anajiona yuko nyumbani. Baadaye, 1965, alishirikiana na wenzake kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali pa kuonyesha na kufundisha sanaa. Moto ukapaunguza 1997, na bado hawakuacha kazi.

Basi likizo iliyofuata tulianza kwa kukaa na wazazi chini ya mti. Wakasema wanataka mahindi, mwembe, na bibi akiwasimulia wajukuu. Watoto wakashika brashi, sisi tukawaonyesha tu kuchanganya rangi. Na yule mama naye alikuja. Akasema, "Mtumbwi uwepo. Ila uwe mtupu, umefungwa ufukweni." Akasimama pale mpaka kamba ikachorwa.

Wazazi, mwalimu akija na rangi, msimwachie ukuta peke yake. Mwambieni mnachotaka watoto wakione kila asubuhi. Nasi vijana tuliosoma, tuulize kwanza.

Ni sisi wanenu.