Mgonjwa Asiyejibu

Kuhani Eli alimtazama Hana akiomba, akaona midomo inacheza wala hakusikia sauti, akadhani mwanamke yule amelewa. Mtu mzima, mzoefu wa nyumba ya Bwana, alikaa karibu na sala nzito namna ile asiitambue. Habari hiyo ya 1 Samweli nimeirudia mara nyingi tangu mdogo wangu alipolala wodini siku arobaini na moja.

Alianguka na bodaboda. Kipimo cha CT-Scan, ambacho hupiga picha za kichwa kwa mionzi na kumaliza kwa dakika chache, kilionyesha damu imekusanyika kati ya fuvu na ubongo, na usiku uleule madaktari wakaitoa. Bila picha ile wangepasua wapi? Wako wapendwa wanaonong'ona kwamba anayekimbilia mashine amepungukiwa imani. Mimi huwakumbusha wale watu wanne wa Kapernaumu waliobomoa paa ili wamfikishe mgonjwa wao. Yesu aliiona imani yao palepale kwenye tundu la paa.

Shida ilianza wiki ya tatu. Macho yalifumbuka, lakini hayakumfuata mtu. Ukimwita, hageuki. Ndugu wakaanza kuzungumza miguuni pa kitanda, tena kwa sauti ya kawaida, juu ya gharama, juu ya jeneza, na shamba lake litakuwa la nani. Baba mdogo alitaka tumrudishe nyumbani akafie huko. Mama kila asubuhi alimsalimu, "Umeamkaje, baba?" akamweleza kwamba mvua imenyesha na ng'ombe kazaa. Shemeji mmoja akamwambia, "Mama, unajichosha bure. Huyu hayupo."

Mama akamjibu, "Wewe ulimtafuta wapi ukamkosa?"

Swali hilo la mama limeulizwa pia na wataalamu wa ubongo. Mwaka 2006, Adrian Owen na wenzake huko Cambridge, Uingereza, walitoa habari za mwanamke wa miaka 23 aliyeumia kichwa katika ajali ya barabarani. Miezi mitano baadaye alikuwa anafumbua macho na kulala, lakini haitikii neno lolote. Wakamwingiza kwenye mashine ya MRI, ambayo hutumia sumaku kubwa. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu nyingi yenye oksijeni, na mashine huihisi tofauti hiyo. Wakamwambia awaze kwamba anacheza tenisi. Kisha awaze kwamba anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwake. Kila alipoambiwa, ubongo wake ulifanya kazi mahali palepale panapofanya kazi kwa watu wazima wa afya. Kitandani hakuonyesha hata dalili ndogo. Ndani alikuwa anatii.

Mwaka 2010 ikatolewa taarifa ya wagonjwa 54 waliopimwa Uingereza na Ubelgiji. Watano waliweza kufanya hivyo, na mmoja wao akajibu maswali juu ya familia yake: tenisi ikiwa ndiyo, nyumba ikiwa hapana. Mwaka 2024, katika utafiti mkubwa zaidi uliotumia MRI na kipimo cha umeme wa ubongo, wagonjwa 241 wasioweza kutii agizo lolote kitandani walipimwa, na 60 kati yao walionyesha kwamba wanaelewa na kujaribu kutii. Ni mmoja katika kila wanne.

Lakini tusiifanye mashine kuwa Eli wa pili. Katika utafiti huohuo walikuwepo wagonjwa waliokuwa wanatii maagizo waziwazi mbele ya daktari, na vipimo hivyo vikawakosa zaidi ya nusu yao. Kwa hiyo picha ikisema yupo, tuamini. Ikinyamaza, haijasema kwamba hayupo. Zaburi ya 139 inamsema Mungu ambaye gizani kwake hakuna giza. Sisi na mashine zetu bado tunapapasa.

Mdogo wangu hakupimwa kwa namna hiyo. Mama alikataa asirudishwe nyumbani, naye akafa siku ya arobaini na moja, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama, bila kutupa ishara. Nimeulizwa kama yale maneno ya asubuhi yalipotea bure. Nadhani anayeuliza hivyo hakuwepo alipokuwa akiambiwa habari za ng'ombe.

Kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa kina utaratibu sasa. Tukifika tunamsalimu mgonjwa kwanza, kwa jina lake, kabla ya kumsalimu anayemuuguza. Tunamwambia sisi ni nani na leo ni siku gani. Kabla ya kumshika mkono tunamwarifu. Tunaomba kwa ufupi na kwa sauti ya chini, maana hawezi kutuambia tumemchosha. Mambo ya fedha na mazishi yanazungumzwa nje, chini ya mwembe, hata kama jua ni kali. Mzee mmoja wa kanisa huwa anawapa matokeo ya mpira ya Jumamosi, bao kwa bao. Yeye ni Yanga, kwa hiyo Simba ikishinda taarifa huwa fupi sana.